Pete ya Rehani: Tujue Ukataji wa Almasi Kabla ya Kutoa Pesa

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Ukunda

 

Tunajua baadhi yenu mmecheka mliposikia somo la leo. Almasi? Sisi tunaochangishana shilingi hamsini hamsini za mzunguko? Sisi ambao kuku akipotea tunaitisha kikao? Haya, chekeni kidogo, halafu mtusikilize. Somo hili hatukulitoa kitabuni. Limetoka katika sanduku la kikundi kimoja cha hapa hapa kwetu, na sisi wenyewe wa ofisi ya maendeleo tulikuwepo kosa lilipofanyika. Kikundi kimetupa ruhusa ya kulisimulia, ila majina tuyaache.

Mambo yalivyokuwa

Kijana mmoja wa kijiji kile alifanya kazi Ghuba miaka minne. Aliporudi alikuja na pete ya dhahabu yenye almasi moja. Alikuwa ameinunua kwa ajili ya mchumba wake, kwa pesa zinazokaribia shilingi 240,000 za kwetu. Uchumba ukavunjika, kama yanavyotokea mambo ya dunia, na pete ikabaki sandukuni kwa mama yake. Baadaye kijana akataka kununua mashine ya mashua, akaja kwenye kikundi kuomba mkopo wa shilingi 90,000. Rehani yake ilikuwa pete ile.

Kamati ikakaa, nasi tukaalikwa tutoe ushauri. Pete ilikuwa na karatasi kutoka kwa muuzaji, imeandikwa uzito: karati 1.02. Mwenyekiti akaiinua penye taa, ikameremeta. Tukaambiana, kama ilinunuliwa 240,000 na tunatoa 90,000, hasara itatoka wapi? Tukatia sahihi. Ndiyo, na sisi tulitia sahihi.

Mashine ikaharibika mwezi wa tatu. Kijana hakukimbia, tunasema hivyo kwa heshima yake, ila hakuwa na kitu. Kikundi kikaamua kuuza pete, na watatu wetu tukaenda nayo Mombasa kwa sonara. Yule mzee sonara akavaa kioo chake cha kukuzia, akaigeuza, akaipima, akatuuliza: "Nani aliwaambia hii ina thamani hiyo?" Tukadhani ni kioo tu. Akatujibu, "La, ni almasi ya kweli. Uzito pia ni wa kweli. Lakini imekatwa vibaya." Akatupa bei ya shilingi 55,000, dhahabu yake ndani. Tukazunguka maduka mengine mawili, bei ikazidi kushuka. Tukarudi kwa yule wa kwanza, tukauza.

Pengo la 35,000 ni dogo kwa tajiri. Lakini mwezi ule ilikuwa zamu ya mama mmoja kupokea, na pesa yake alikuwa ameiwekea karo ya mtoto wa kidato cha kwanza. Mtoto aliripoti shuleni wiki tano baada ya wenzake. Hilo ndilo lililotukalisha chini tujifunze.

Na angalieni jambo moja, jamani. Katika habari hii hakuna tapeli. Jiwe lilikuwa la kweli, karatasi haikudanganya, kijana hakudanganya. Sote tulisoma kilichoandikwa, na kile ambacho hakikuandikwa hatukujua kukiuliza.

Mambo manne yanayofanya bei ya almasi

Wanaofanya biashara hii hupima almasi kwa mambo manne: uzito, rangi, usafi na ukataji.

Uzito hupimwa kwa karati. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, yaani gramu moja ni karati 5. Rangi: kwa almasi za kawaida, nyeupe isiyo na umanjano ndiyo ya bei. Usafi ni kutokuwa na nyufa na madoa ndani. Haya matatu jiwe hutoka nayo ardhini. La nne, ukataji, ni kazi ya mkono wa binadamu, na hilo ndilo linaloamua kama jiwe litaonekana hai au litaonekana limekufa.

Tusichanganye ukataji na umbo. Umbo ni duara, yai, mraba au tone la maji. Mtu huchagua umbo alipendalo. Ukataji ni namna kazi ilivyofanywa: pembe zake, kina chake, na kama nyuso zake ndogo zimelingana. Mashati mawili yanaweza kuwa na mtindo mmoja, moja limeshonwa na fundi, jingine limeshonwa na mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mtindo ni ule ule, lakini ukivaa unajua.

Almasi ya duara ya kawaida ina nyuso 57 au 58. Juu kabisa kuna uso mpana ulio bapa, tuuite meza. Kuizunguka meza kuna mteremko, tuuite taji. Katikati, pale panapozunguka jiwe kama shuka kiunoni, ni mshipi. Chini ya mshipi jiwe linapungua hadi nchani, na hapo tupaite kitako. Pete ikivaliwa, kitako hakionekani, kimezama ndani. Na hapo ndipo pesa zetu zilipozama.

Paa la makuti litufundishe

Mwanga huingia almasi kwa juu, hugonga kuta za kitako kama zilivyo kuta za kioo cha kujitazamia, hurudi juu na kutoka penye jicho lako. Huo ndio mmeremeto. Pembe za kitako zikiwa sawa, mwanga mwingi unarudi. Zikikosea, mwanga unatoroka.

Sisi watu wa Pwani tunajua habari ya pembe. Ukiezeka makuti, paa likilala mno, maji yanapenya. Likisimama mno, unamaliza makuti na fito bure na nyumba haikuongezeka hata chumba. Fundi mzuri anajua mteremko wa katikati.

Almasi ni hivyo hivyo. Ikikatwa bapa mno, mwanga unavuja chini, na ukiitazama kwa juu unaona duara la kijivu ndani ya meza kama jicho la samaki aliyelala sokoni tangu jana. Ikikatwa nene mno, mwanga unatokea pembeni na katikati panakuwa na giza kama kichwa cha msumari. Na ile nene ina hasara ya pili: uzito wote umejificha kitakoni. Ni kama nazi yenye kumbi nene. Ukiibeba ni nzito, ukiifua, nyama ni kidogo.

Mtu aliyepiga hesabu ya pembe hizi anajulikana. Ni Marcel Tolkowsky, kijana wa familia ya wakata almasi, na hesabu yake ilitoka mwaka 1919. Alionyesha kwamba kitako kikiwa na mteremko wa karibu nyuzi 41 na taji karibu nyuzi 34 na nusu, mwanga hurudi vizuri. Mafundi wa leo wameongeza ujuzi, lakini hawajaenda mbali sana na namba hizo. Kina cha almasi ya duara iliyokatwa vizuri ni kama asilimia 60 ya upana wake. Ile ya kikundi chetu ilikuwa karibu 70.

Kwa nini fundi akate vibaya kwa kusudi?

Swali zuri, na mama mmoja wa Msambweni alituuliza hilo hilo. Jibu ni kwamba wanunuzi wengi huuliza uzito kwanza. Almasi inayofika karati 1 kamili huuzwa kwa bei ya kila karati iliyo juu kuliko ile ya karati 0.90, hata kama jicho halioni tofauti. Sasa fundi ana jiwe ambalo akilikata sawasawa litatoa 0.85. Akiliacha kitako kinene na mshipi mnene, litatoa 1.02. Anaacha mafuta tumboni, anauza mafuta kwa bei ya nyama.

Kukata vizuri kunakula jiwe. Jiwe la duara hupoteza nusu ya uzito wake au zaidi kabla halijawa tayari. Mfano upo kwa jirani zetu Tanzania. Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui kule Shinyanga ambao John Williamson aliugundua mwaka 1940, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa akiolewa mwaka huo. Ilipokatwa London ikabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda na vumbi, na hakuna aliyelia, kwa maana hilo lililobaki ndilo lililoifanya iwe miongoni mwa almasi za waridi zinazosifiwa sana duniani.

Basi mtu akikwambia tu "hii ina karati moja", bado hajakwambia kitu.

Namna ya kutazama

Hatuwi masonara kwa siku moja. Lakini yapo mambo ambayo hata mweka hazina asiye na chombo anaweza kuyafanya.

1. Itoe kwenye taa za duka. Zile taa ndogo kali za dukani hufanya hata chupa iliyovunjika imeremete. Nenda nayo mlangoni, kivulini, penye mwanga wa kawaida wa mchana. Almasi iliyokatwa vizuri bado ina uhai kivulini. Iliyokatwa vibaya inazimika.

2. Itazame kwa juu, moja kwa moja. Tafuta giza katikati, au lile jicho la samaki. Itikise polepole. Nuru na kivuli vicheze juu ya jiwe zima, kusiwe na sehemu inayolala tu.

3. Pima upana kwa rula ya vipimo vidogo. Hii haihitaji usomi. Almasi ya duara iliyokatwa vizuri yenye karati 1 ina upana wa milimita 6.5 hivi. Ya nusu karati ni kama 5.1. Ya robo ni kama 4.1. Ile yetu iliandikwa 1.02 lakini upana wake ulikuwa milimita 6.1, upana wa almasi ya karati 0.85 hivi. Tungekuwa na rula siku ile ya kikao, tungejua.

4. Soma karatasi, na uulize imetoka kwa nani. Karatasi ya muuzaji ni neno la muuzaji. Cheti cha kuaminika hutoka kwenye maabara isiyouza jiwe lenyewe. Taasisi ya Gemolojia ya Marekani, GIA, imekuwa ikitoa daraja la ukataji kwa almasi za duara tangu 2006. Madaraja ni matano, kutoka bora kabisa hadi duni. Vyeti hivi huandikwa Kiingereza, kwa hiyo mwombe mtoto wa shule akutafutie neno "Cut". Kwa maumbo mengine, kama yai na tone, usishangae kukosa daraja hilo. Hapo macho yako yafanye kazi zaidi. Cheti kina namba, na mara nyingi namba hiyo imechorwa kwa herufi ndogo sana kwenye mshipi wa jiwe. Sonara mwenye kioo cha kukuzia ataisoma. Zisipolingana, funga mkutano.

5. Usikubali kupiga nyundo. Ni kweli almasi ndicho kitu kigumu kuliko mawe yote, na haikwaruzwi ila na almasi mwenzake. Lakini kutokwaruzika si kutovunjika. Nyundo itaipasua, na utabaki na vumbi la ukweli.

Na zile za bandia?

Hatupiti bila kusema. Liko jiwe la kutengenezwa liitwalo kyubiki zirkonia. Linameremeta sana na bei yake ni ya chini kabisa. Asili yake ni madini ya zirkoni, aina ile ile iliyochujwa katika mchanga wetu wa Maumba na Nguluku. Kwa ukubwa ule ule, lina uzito wa karibu mara 1.7 ya almasi. Liko pia moisanaiti, ambalo hudanganya hata kipima joto cha dukani, lakini ukiangalia kwa kioo cha kukuzia kutoka pembeni, mistari ya nyuso huonekana miwili miwili.

Tena ziko almasi zinazotengenezwa maabara. Hizo si bandia, ni almasi kamili, na kwa macho hakuna awezaye kuzitenga. Lakini bei yake ni ndogo sana kuliko ya zile za ardhini, na imeshuka sana miaka ya karibuni. Kwa hiyo cheti lazima kiseme jiwe limetoka ardhini au maabara.

Ukiletewa "almasi mbichi" ufukweni Diani na mtu anayenong'ona, jibu ni fupi. Kenya hatuchimbi almasi kwa biashara, na tangu 2003 almasi ghafi inayovuka mpaka kwa njia halali inatakiwa iwe na cheti cha mpango wa Kimberley. Mnong'onaji hana. Mwache aende zake, usinunue mbuzi kwenye gunia.

Na sisi tunapokuwa wauzaji

Ndugu zetu wa Kuranze, hapa ndipo somo linapowageukia ninyi. Mnachimba savoraiti, jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo mwaka 1974. Mnapouza kwa dalali, yeye anazungumza nanyi habari za gramu. Lakini mtazameni macho yake. Anageuza jiwe kwenye tochi, anatafuta ufa, anapiga hesabu moyoni: hapa nikikata, nitabaki na karati ngapi safi? Yeye ananunua jiwe lililokatwa ambalo bado halijakatwa, na ninyi mnauza kokoto. Bei itaelekea kwa nani?

Hatusemi mwende mkakate wenyewe kesho. Kukata kunataka mashine na miaka ya mazoezi. Tunasema muanze kuona anachokiona yeye. Osheni jiwe. Lipimeni kwa mizani yenu wenyewe kabla hajaja. Limulikeni kwa tochi, mhesabu nyufa. Tengeni yaliyo safi na yenye nyufa, msiuze kwa kuchanganya. Mpate bei ya wanunuzi zaidi ya mmoja. Na mjiandikishe kama ushirika, kwa sababu Sheria ya Madini ya 2016 inamtambua mchimbaji mdogo mwenye kibali, na asiye na kibali hana pa kulalamika. Serikali imejenga kituo cha kuongeza thamani ya vito pale Voi. Si mbali. Tumeni watu wawili wakaulize.

Tumeshaona mchanga wetu ukipakiwa melini Likoni kwa zaidi ya miaka kumi, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Kila mmoja wetu ana maoni yake kuhusu tulichobaki nacho. Jiwe la Kuranze angalau linaingia kiganjani. Tunaweza kulijua.

Tufanye nini na sanduku la kikundi?

Kikundi kile kimejiwekea masharti, nasi tunayapendekeza kwenu.

Kwanza, almasi si akiba. Dhahabu ina bei ya gramu inayotangazwa kila siku, na sonara yeyote atakuambia. Almasi haina bei moja, na siku unayoiuza hupati ulichonunulia, hata kama imekatwa vizuri. Anayetaka kununua kwa ajili ya ndoa, anunue kwa furaha yake, achague ndogo iliyokatwa vizuri kuliko kubwa iliyokufa, asijidanganye kwamba anaweka benki.

Pili, pete ikija kama rehani, ihesabiwe dhahabu yake tu, mpaka sonara wawili wasiojuana walipime jiwe.

Tatu, kikundi kisitoe pesa juu ya kitu ambacho hakuna mwanachama hata mmoja anayeweza kukieleza kwa maneno yake mwenyewe. Likiwa jiwe, likiwa shamba, ikiwa kampuni ya kuotesha pesa kwa simu, kanuni ni ile ile. Siku ile tulinyamaza kwa sababu tuliona haya kuuliza mbele ya karatasi yenye muhuri. Kuuliza si ujinga. Kunyamaza kule kulimgharimu mtoto wiki tano za darasa.

Yule kijana bado anakuja kila mwezi na anacholeta. Juzi alileta 1,500. Amebakiza shilingi 11,000. Tulipomwomba ruhusa ya kuisema habari yake alitujibu, "Semeni. Mimi niliuliza ina karati ngapi. Nilipaswa kuuliza imekatwaje."

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, kikundi chetu kimewahi kupokea rehani ambayo hakuna aliyejua thamani yake? Ilikuwaje?

2. Ni vitu gani vingine tunavyonunua kwa uzito au kwa jina, bila kutazama kazi iliyofanywa ndani yake?

3. Tukiuza mazao au mawe yetu, mnunuzi anaona nini ambacho sisi hatukioni? Nani kati yetu anaweza kwenda kujifunza?

 Mungu abariki kazi za mikono yenu.